Uzinduzi wa Boya la Mawimbi, Gati la Motulahi

(Imenukuliwa kwa ajili ya jalada la Ofisi ya Kamishna. Maneno ya watu wengine na mambo yaliyotokea yamewekwa ndani ya mabano. Mheshimiwa Maikolo Havelu alisimama jukwaani uso wake ukielekea nchi kavu na mgongo wake ukielekea bahari, kama ilivyo ada ya mtu wa cheo chake. Wananchi waliketi kwenye mikeka, wakimtazama yeye na bahari kwa pamoja. Kwa mila, mtu wa cheo hicho anaposema hakuna anayesimama, anayeondoka, wala anayefungua kamba ya chombo mpaka amalize. Hotuba ilianza saa tatu kamili asubuhi.)

Mheshimiwa Gavana wa Visiwa vya Kaskazini, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi, Mheshimiwa Naibu Gavana, aliyetuletea udhuru wake kwa mkono wa dereva, Baba Mchungaji na wasaidizi wako kwa daraja zao, wazee wa koo zote tano, pamoja na ule wa sita ambao shauri lake la kutambuliwa bado liko mahakamani, Mwalimu Mkuu, Muuguzi Mkuu, ambaye pia ndiye muuguzi pekee, Kapteni Uhila wa meli ya Tavake, Mama Losaline, mke wa kapteni na kiongozi wa kwaya yetu tukufu, wanakwaya arobaini mnaosafiri leo kwenda Hunganui kufungua kanisa jipya, watoto tisa wapendwa ambao mmekwisha kupandishwa melini kwa sababu mikeka haikutosha, na nguruwe kumi na wawili mlioko hapo na watoto, maana serikali hii haibagui abiria: itifaki imezingatiwa.

(Kicheko. Mheshimiwa alisubiri kiishe, akasema hakuwa akitania.)

Napenda kuchukua fursa hii adhimu, na kama ikibaki nafasi nitachukua na fursa nyingine, kuwaambia kwamba leo ni siku ya kihistoria. Kwa miaka elfu tatu babu zetu walivuka bahari hii kwa kutazama nyota, kulala chali ndani ya mtumbwi na kusikiliza mawimbi kwa mgongo, njia ambayo, pamoja na heshima zote, haikuwa na fomu, haikuwa na muhuri, na haikuwa na namba ya kumbukumbu. Leo hii, mimi kama Kamishna Mkuu wa Upepo, Mawimbi na Mambo Yanayohusiana Nayo, nasimama mbele yenu kuzindua Boya la Mawimbi la Motulahi, chombo cha kidijitali, shirikishi, endelevu na cha rangi ya njano, ambacho mnakiona hapa pembeni yangu kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa cha heshima.

(Makofi. Kitambaa kilikuwa cha gome la mti, chenye michoro ya samaki, na kilimilikiwa na Bibi Ungatea aliyeketi mstari wa mbele. Bibi huyo alisikika akisema, "Kirudi kama kilivyokuja.")

Na ili siku hii isiwe ya maneno matupu, nimetoa agizo. Nitakapomaliza hotuba hii, ambayo ni fupi, kurasa tisa tu, baragumu la kombe litapulizwa, na papo hapo Tavake itafungua kamba na kuelekea Hunganui, safari ya muda wa saa tisa, ikiwa meli ya kwanza katika visiwa hivi kusafiri chini ya Utabiri wa Kisasa. Na kapteni yeyote atakayesita, nasema hili kwa upendo, atakuwa amesita mbele ya sayansi, na leseni yake itakuja kupumzika mezani kwangu mpaka imani yake itakapopona.

(Mama Losaline alimwinamia mumewe. "Ulizungumza naye?"

"Nilimfuata jana hadi nyumbani kwake," alisema Kapteni Uhila. "Nikamwambia mawimbi yanatoka kaskazini-magharibi, marefu, yanakuja polepole, na si msimu wa mawimbi hayo bila kimbunga nyuma yake. Akaniambia bahari ya leo imekwisha kupitishwa."

"Imepitishwa na nani?"

"Na kikao."

Wakati huo Kelepi, msaidizi wa kapteni aliyebaki melini kulinda watoto, aliandika kwa chaki kwenye ubao wa chumba cha usukani namba ya kipimahewa, ambayo hushuka tufani inapokaribia: 1004. Ubao huo ulikuwa nyuma ya mgongo wa Mheshimiwa, hatua ishirini, na ulisomeka vizuri na kila aliyeketi.

Bibi Ungatea aliuliza, "Jana jioni ilikuwa ngapi?"

"Elfu moja na kumi, bibi," alisema Kapteni Uhila.

"Basi huko juu kuna kitu kinashuka ngazi.")

Ndugu wananchi, naomba utulivu, najua furaha ni nyingi. Sasa nisome utabiri wenyewe, ambao ni wa kwanza wa aina yake, na ambao nimeubeba mfukoni, upande wa moyo. Unasema hivi: upepo utatoka kusini-mashariki, utakuwa wa upole, kilomita kumi na tano kwa saa, wenye tabia njema; mawimbi yatakuwa nusu mita, yatakuja kwa zamu; anga itakuwa angavu; mwonekano utafika upeo wa macho na kupita kidogo.

(Bendera ya kanisa ilikuwa ikipigwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Kofia ya Mwalimu Mkuu ilianguka na kubingiria kuelekea kusini-magharibi. Mwalimu hakusimama kuifuata, kwa sababu ya mila.)

Utabiri huu, ndugu zangu, haukuokotwa. Ulianza kwenye Kamati ya Ufundi tarehe kumi na nne Januari, ukapelekwa kwenye Kamati Ndogo ya Lugha, ambako neno "huenda" liliondolewa mara kumi na moja kwa kuwa linaleta wasiwasi, ukarudi kwenye Kamati Kuu, ukagongwa mihuri mitatu, na sasa tuko mwezi Machi na umeiva. Wapo wanaobeza kwamba utabiri wa leo uliandikwa miezi miwili iliyopita. Mimi nawauliza: mnataka utabiri uandikwe lini? Baada ya mvua kunyesha? Huo si utabiri, huo ni umbea!

(Makofi machache. Sauti ya mwanamume kutoka nyuma: "Na Jumapili je, Mheshimiwa? Tunarudi Jumapili?")

Swali zuri. Jumapili hakuna utabiri, kwa sababu ni siku ya Bwana, na Kamisheni yangu haitapima upepo siku ambayo watu hawapigi hata nyundo. Kwa hiyo Jumapili hakuna hali ya hewa rasmi, na yeyote atakayelowa siku hiyo amelowa kwa hiari yake.

(Wimbi la kwanza kubwa liliingia kwa mlango wa mwamba wa matumbawe, likanyanyua Tavake juu ya gati kwa kimo cha mtu, likaishusha. Nguruwe walipiga kelele. Watoto walicheka na kusema tena, tena. Pisila, binti wa Kapteni Uhila, miaka sita, alimpungia baba yake mkono. Mheshimiwa aliinama kidogo kuitikia zile kelele.)

Sasa niingie kwenye takwimu, maana takwimu ndizo nanga ya ukweli. Tangu nishike wadhifa huu, usahihi wa utabiri wetu umefikia asilimia tisini na saba nukta nne. Asilimia mbili nukta sita zilizobaki zimechunguzwa, na imebainika kuwa katika siku hizo ni bahari iliyokosea. Ilipoulizwa haikutoa ushirikiano. Idadi ya vimbunga vilivyoingia bila taarifa imeshuka kutoka vitatu hadi vitatu pungufu ya kimoja, hicho kimoja tukiwa tumekitaja upya kama mvua yenye bidii. Wastani wa mawimbi kitaifa, ukijumlisha yale yaliyomo kwenye mabirika ya kuogea, ni sentimita saba.

(Ubao wa Kelepi: 1001. Sahani za mihogo na za kamba wa kuchemsha zilifunikwa. Mama Losaline alisema kwa sauti ya chini, "Amebakiza kurasa ngapi?"

Mtu aliyekuwa karibu na jukwaa alijibu kuwa mbili.

"Uhila, mtoto wangu yuko mle ndani."

"Ni mtoto wangu pia, mama. Nikikataa mbele ya watu ananinyang'anya leseni, halafu anampa usukani shemeji yake, yule anayetapika bandarini. Na huyo ataondoka nao. Hatasita."

"Basi mwache aseme," alisema Bibi Ungatea bila kugeuka. "Asimalize. Akiwa anasema, kamba haifunguliwi. Si ndiyo mila?"

"Amebakiza kurasa mbili, bibi."

"Nyinyi vijana hamjui kushangilia.")

Na sasa, kwa kuhitimisha, ndugu wananchi, niseme tu kwamba...

(Bibi Ungatea alipaza sauti: "Malie! Malie sana! Mara ya pili!" Neno hilo hupewa mchezaji ngoma au msemaji aliyefanya vizuri kupita kiasi, na aliyelipata hawezi kwa adabu kuketi bila kurudia. Kisha Mama Losaline alipiga kelele, "Malie! Ile ya takwimu! Mara ya pili!" na wanakwaya wote arobaini wakaitikia kwa sauti nne.)

Mnataka takwimu tena?

("Tena, Mheshimiwa! Hazijatuingia!")

Nimehutubia katika visiwa thelathini na viwili, ndugu zangu, na sijawahi kukutana na wananchi wenye kiu ya takwimu kiasi hiki. Nawapongeza. Hii ndiyo tofauti ya watu wanaofikiri. Basi nasema tena: asilimia tisini na saba nukta nne!

(Makofi ya muda mrefu. Takwimu zilirudiwa zote, pamoja na ya mabirika. Saa nne na dakika tano.)

Mzee mmoja hapa ananiuliza kuhusu ziara ya mafunzo. Sikuwa nimepanga kuisimulia, kwa unyenyekevu, lakini kwa kuwa mmeomba. Mwaka jana, mimi, mke wangu, na wataalamu wawili ambao ni wanangu, tulikwenda kwa siku kumi na tisa katika nchi moja ya mbali yenye milima mingi na isiyopakana na bahari hata kwa inchi moja. Wapo waliohoji: kujifunza bahari katika nchi isiyo na bahari? Ndiyo! Kwa sababu ukiwa karibu na bahari unaipendelea. Sisi tulitaka kuitazama bahari bila upendeleo, na mbali vya kutosha ili isitutishe. Huko tulipanda treni, tukaona ziwa, tukaonyeshwa picha ya wimbi.

("Picha ilikuwaje, Mheshimiwa? Tueleze!" Huyo alikuwa Muuguzi Mkuu. "Na chakula? Mlikula nini huko?" Mheshimiwa alieleza jibini kwa dakika kumi na mbili. Ubao wa Kelepi: 999. Mstari mweusi ulionekana juu ya bahari upande wa kaskazini-magharibi, na ndege wa bahari wakapita juu ya gati kwa makundi, wote wakielekea nchi kavu.)

Naona mnatazama juu. Ndiyo, ni ndege. Hata wao wamekuja kusikiliza.

(Kicheko kikubwa, kilichoendelea hata pale ambapo baadhi ya waliokuwa wakicheka walishikana mikono. Kwaya iliomba ruhusa ya kumjibu Mheshimiwa kwa wimbo. Ruhusa ilitolewa. Waliimba beti zote saba, na ubeti wa saba mara tatu. Mheshimiwa alifuta macho.)

Asanteni. Nimeguswa. Sasa nirudi kwenye karatasi zangu, ukurasa wa tisa, na niseme kwa kuhitimisha kwamba mikakati jumuishi ya Kamisheni yangu imejikita katika uwezeshaji wa wadau kwa kuzingatia mnyororo mzima wa thamani wa upepo, kuanzia pale unapozaliwa, unapokua, hadi unapomfikia mlaji.

(Mheshimiwa alifika mwisho wa ukurasa wa tisa. Karatasi zilizofuata mkononi mwake zilikuwa ukurasa wa tatu, wa nne na wa tano, kwa sababu ambazo hazikuweza kufahamika papo hapo. Alizisoma zote. Hakuna mwananchi aliyelalamika. Penye utabiri palishangiliwa kuliko mara ya kwanza, hasa pale pa upepo wenye tabia njema, kwa kuwa wakati huo upepo ulikuwa umevunja kamba moja ya turubai la wageni. Saa tano kasorobo. Ubao wa Kelepi: 997.)

...na huo ndio umbea! Hm. Nahisi kama nilishasema jambo hili.

("Ulilisema kwa kifupi, Mheshimiwa!" alisema Kapteni Uhila. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kwa sauti. "Sasa ndiyo tumelielewa!")

Unaona, Kapteni? Jana ulikuja kwangu na hofu zako za mawimbi marefu. Leo umeelewa. Hii ndiyo kazi ya elimu. Basi sasa nifunge, maana najua una hamu ya kuondoka, na watoto wale wamekaa muda mrefu...

("Hujashukuru, Mheshimiwa!" Huyo alikuwa Bibi Ungatea. "Mtu wa cheo chako atafungaje bila shukrani? Utawaacha watu na vinyongo!" Watu waliitikia, "Kweli! Kweli! Shukrani!")

Bibi anasema kweli. Nilitaka kushukuru kwa ujumla.

("Kwa majina!")

Kwa majina, basi. Namshukuru Baba Mchungaji kwa sala. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kofia yake, namaanisha kwa uwepo wake. Nawashukuru akina mama wa jikoni kwa nyama ya kopo iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, ambayo harufu yake imenifikia tangu ukurasa wa pili.

("Na mwenye duka, Mheshimiwa! Bwana Mone! Humtaji?" Bwana Mone alijaribu kuwanyamazisha waliokuwa karibu naye. Hawakunyamaza. "Mtaje, naye amejitolea!")

Nilikuwa nafika kwake. Namshukuru kwa dhati mfanyabiashara wetu Bwana Mone kwa moyo wake wa kizalendo wa kutuazima tangi lake la maji, ambalo tumelipaka rangi ya njano na kulifunika kitambaa ili wananchi wapate taswira ya boya, na ambalo atarudishiwa leo jioni likiwa limesuguliwa.

(Bibi Ungatea alisema, "Kitambaa changu kimefunika tangi?" Mama Losaline alimgusa goti, naye akapaza sauti upya: "Malie! Endelea! Na mnyororo je? Nani katoa mnyororo?")

Mnyororo wa nanga ya boya, ambao mnauona pale umekunjwa vizuri, ni wa bembea ya shule, na namshukuru Mwalimu Mkuu kwa mara ya pili.

("Watoto wangu waliniambia bembea imekwenda kutengenezwa," alisema mwanamke mmoja.

"Imekwenda, dada. Imekwenda serikalini.")

Nalishukuru pia kanisa kwa kutuachia sufuria lake kubwa, lile la harusi, ambalo liko juu ya paa la ofisi yangu likitazama mbinguni na ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliita mtambo wa satelaiti. Sikuwahi kuwasahihisha, kwa sababu sipendi kuvunja watu moyo.

("Na wale watabiri kumi na wawili tuliowasikia kwenye redio?" aliuliza Kapteni Uhila. "Tuwapigie makofi, Mheshimiwa! Wako wapi?" Mlingoti wa turubai ulianza kutikisika. Kelepi alikuwa ameacha kuandika namba. Alikuwa akiwafunga watoto maboya ya kifuani, mmoja mmoja, bila haraka ya kuwatisha.)

Watabiri kumi na wawili ni nafasi, Kapteni, si watu. Ni nafasi kumi na mbili. Zipo kwenye mchoro wa muundo, ndani ya visanduku, na namshukuru mchoraji kwa visanduku vile vilivyonyooka. Boya lenyewe, ndugu wananchi, kwa kuwa leo ni siku ya uwazi na nyinyi mmenionyesha upendo ambao sijawahi kuuona, niwaambie wazi: boya lenyewe halijaagizwa, kwa kuwa fomu ya kuliagiza inataka saini ya mtaalamu wa bahari, na mtaalamu wa bahari ataajiriwa boya likishafika. Kwa hiyo mradi unaendelea vizuri pande zote mbili, kila upande ukimsubiri mwenzake. Na mwisho kabisa namshukuru karani wangu, aliyenakili utabiri wa mwaka juzi kwa mwandiko safi akabadilisha tarehe kama nilivyomwagiza, na aliyezipanga karatasi hizi kwa mpangilio ambao, nikiri, umenisaidia kusema mengi kuliko nilivyokusudia.

(Karani, ambaye ndiye mwandishi wa nakala hii, aliendelea kuandika.)

Sasa, kauli mbiu, kisha baragumu! Nikisema "Upepo," mnajibu "Una adabu!" Nikisema "Mawimbi," mnajibu "Yanakuja kwa zamu!" Upepo!

("Una adabu!" Waliitikia polepole mno, kila silabi kwa pumzi yake.)

Mawimbi!

(Wananchi wote walikuwa wakitazama nyuma ya Mheshimiwa. Wimbi lililovuka mwamba wa matumbawe halikuja kwa zamu. Lilikuja na wenzake. Mpulizaji wa baragumu, ambaye alikuwa amekwisha kuliinua hadi mdomoni, alilishusha akaketi juu yake.)

Nasema, mawimbi!

(Hapo upepo ulifika wote kwa mara moja. Turubai la wageni liliondoka likaenda kuketi juu ya paa la shule. Kiti cha Gavana kililifuata. Kitambaa cha Bibi Ungatea kilifunuka, na tangi la njano, lenye maandishi ya duka yaliyokuwa bado yakionekana chini ya rangi, lilibingiria kutoka jukwaani, likapita kando ya Mheshimiwa, likagonga ukingo wa gati na kutumbukia baharini. Lilielea. Lilipanda na wimbi mpaka juu ya kimo cha chumba cha usukani cha Tavake, likashuka, likapanda tena. Mheshimiwa aligeuka kulitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza asubuhi hiyo kuiona bahari.)

Ndugu wananchi... limezinduliwa.

("Na linasema mita nne!" alisema mtu. Wengi walicheka, na wengine walikuwa wakilia. Kwa mila, hakuna aliyesimama. Lakini mila haikatazi kutambaa. Kapteni Uhila alitambaa mpaka ukingoni mwa gati, Kelepi akampa watoto kutoka melini, wa kwanza Pisila, wa mwisho kijana wa mpulizaji wa baragumu, na kila mtoto alipitishwa kwa mikono kutoka mkeka hadi mkeka, juu ya vichwa vya kwaya nzima, mpaka mlangoni mwa kanisa la mawe. Watoto tisa walihesabiwa mara mbili. Nguruwe walijileta wenyewe.)

Kapteni. Lile wimbi. Lingekuwaje huko nje, nje ya mwamba, kwa saa tisa?

("Lisingekuwa moja, Mheshimiwa," alisema Kapteni Uhila.

Mheshimiwa alikuwa amelowa, na mkeka mpana wa heshima aliouvaa kiunoni ulikuwa umegeuka ukawa mbele nyuma. Alizitazama karatasi zake, ambazo zilibaki mbili, akafungua mdomo.)

Basi kwa maneno hayo machache, naomba kuchukua fursa hii kusema kwamba hotuba yangu...

("Usimalize!" Bibi Ungatea alikuwa ameushika mguu wa suruali ya Mheshimiwa kwa mikono miwili. "Maikolo, mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, na hata siku ile ulitoka unapiga kelele. Nakuomba. Usilitamke hilo neno. Ukimaliza, agizo lako linaanza. Acha hivyo hivyo wazi. Ingia kanisani, kula, utaendelea kesho."

"Na kesho upepo ukiwepo, bibi?" aliuliza Mheshimiwa kwa sauti ya chini.

"Utaendelea keshokutwa. Sisi tuna kiu ya takwimu.")

Basi, ndugu wananchi, nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa, nilipo... nilipopumzikia.

(Mheshimiwa aliingizwa kanisani akiwa ameshikwa na watu wawili, na akapewa chakula. Neno la kufunga halikutamkwa. Baragumu halikupulizwa. Kamba za Tavake ziliongezwa kutoka nne hadi nane. Kipimahewa, kilipotazamwa tena saa saba mchana, kilisoma 988. Tangi la Bwana Mone lilionekana mara ya mwisho likitoka kwa mlango wa mwamba, kuelekea kusini-magharibi. Hotuba hii haijafungwa, na kwa mujibu wa mila, meli bado haina ruhusa ya kuondoka.)